Je, wajua kwa nini biti ya FL Studio haifunguki kwenye Logic?

FL Studio na Logic Pro ni programu za kutengenezea muziki kwenye kompyuta. Prodyuza aliyezoea FL Studio akinunua Mac na kuhamia Logic Pro, jambo la kwanza analojaribu ni kufungua biti zake za zamani. Hazifunguki. Faili linaloishia na .flp halitambuliwi kabisa, ingawa lilicheza vizuri jana yake kwenye mashine ya zamani. Wengi hudhani faili limeharibika, au flashi ina virusi. Faili ni zima.

Angalia ukubwa wake kwanza. Wimbo wa dakika tatu kwenye WAV, faili la sauti isiyobanwa, ya ubora wa CD unachukua megabaiti 32 hivi. Faili la .flp la wimbo huohuo mara nyingi halifiki hata megabaiti moja. Hiyo ni kwa sababu ndani yake hamna muziki uliokwisha pikwa, mna maagizo tu: ngoma ya kiki ipigwe hapa, besi iingie pale, sampuli ya ngoma iko kwenye folda fulani, mwangwi uongezwe kwenye kiitikio. Mtekelezaji wa maagizo hayo ni FL Studio yenyewe, kwa vifaa vyake. Fruity Limiter, kifaa cha kuzuia sauti isipite kiwango, kwa mfano, ni ya FL. Hata kama Logic ingeweza kusoma agizo la kuiwasha, isingekuwa nayo.

Plagini za kununua, yaani programu ndogo za milio na madoido zinazochomekwa ndani ya programu kubwa, nazo zina koo zake. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, watengenezaji wa Cubase, programu nyingine ya muziki, walileta mfumo wa plagini wa VST mwaka 1996. Apple wana AU, na Avid wana AAX kwa ajili ya programu yao ya Pro Tools. Logic inakubali AU peke yake, Pro Tools AAX peke yake. Nafuu ni kwamba kampuni nyingi za plagini hutoa zote tatu, kwa hiyo ile uliyoilipia huenda ukaisakinisha upya upande wa pili bila kutoa senti nyingine. Hakikisha hilo kabla hujauza mashine ya zamani.

Kinachosafiri vizuri ni noti. Tangu mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda na kompyuta wana lugha moja ya kuelezana noti, MIDI, na faili la MIDI hufunguka karibu kila mahali. Lakini hata hapo pana kichekesho. Noti namba 60, ile C ya katikati ya kinanda, FL Studio inaiita C5, programu ya Reaper inaiita C4, na Logic inaiita C3. Mwambie mwenzako kwa simu "besi ianzie C3": wewe uko FL, yeye yuko Logic, ataipiga oktava mbili juu na kukuuliza kama kweli hiyo ni besi. Ukimtumia faili hakuna ugomvi, kwa sababu linabeba namba, jina halimo.

Kwa hiyo anayehama habebi .flp. Hutoa kila traki, yaani kila ala au sauti, peke yake kama WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri, hata traki ya sauti ya kuitikia inayoingia dakika ya pili. Vokali ni vyema kuzitoa mara mbili, kavu na zilizokwisha kutiwa mwangwi. Anaongeza MIDI ya vinanda na kuandika tempo, kasi ya mapigo, kwenye jina la folda. MP3 isiguswe hapa, hata kama bando ni dogo. Kuibana sauti kwa MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni, milisekunde 25 hivi au zaidi. Kwenye wimbo wa mapenzi wa polepole huenda usisikie. Kwenye singeli ya mapigo 200 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 75 tu, na MC atasikika amechelewa biti yake mwenyewe.

Ipo pia njia ya ujanja: FL Studio inaweza kufunguliwa kama plagini ndani ya programu nyingine. Inasaidia kumalizia kazi moja mbili, ila kwangu mimi hiyo ni kuishi nyumba mbili. Kazi iliyoanza FL imalizikie FL, na mpya ianzie ulikohamia.

Vidole navyo huchelewa kuhama. Kurekodi kwenye Logic ni herufi R, kwenye Cubase ni alama ya nyota upande wa namba, kwenye Pro Tools ni F12. Programu ya Studio One iliwaonea huruma wahamiaji, ikawawekea chaguo la kutumia vitufe vya Cubase, Logic au Pro Tools.

Na si kila anayehama amependa. Apple walipoinunua Emagic, waliotengeneza Logic, mwaka 2002, toleo la Windows lilikomeshwa, na watu wakabaki kuchagua kati ya kompyuta yao na programu yao. Wenye FL walikuwa na shida ya kinyume: toleo rasmi la Mac lilikuja mwaka 2018. Mwaka 2017 kampuni ya magitaa ya Gibson walisimamisha utengenezaji wa Sonar, programu nyingine ya muziki, hadi kampuni ya BandLab walipoichukua mwaka uliofuata. Aliyekuwa na WAV za traki zake kwenye diski hakupoteza wimbo hata mmoja.

Mwaka 2023 kampuni za programu za muziki Bitwig na PreSonus walitoa mfumo wa wazi uitwao DAWproject, unaobeba traki, noti, viwango vya sauti na hata mipangilio ya plagini kutoka programu moja hadi nyingine. Steinberg wakauingiza kwenye Cubase 14 mwaka 2024. Plagini yenyewe bado haibebwi: kama haipo kwenye kompyuta ya pili, traki itafunguka na noti zake zote, bila mlio wake.