Kuonja mvinyo kwa ajili ya meza ya Kigoma

Kwenye maonesho makubwa ya mvinyo, mnunuzi wa mgahawa huanza kwa kuamua meza zipi hatazifikia. Cape Wine ya Septemba 2025 kule Cape Town ilikusanya mamia ya wazalishaji kwa siku tatu tu, na kila mmoja ana chupa kadhaa mbele yake. Hakuna ulimi wa kuzimaliza. Ninaponunua kwa ajili ya mgahawa wa kando ya ziwa hapa Kigoma, orodha ya meza naiandika kabla ya kusafiri, tena naiandikia jikoni, nikiwa na mpishi.

Sisi tunauza samaki: migebuka wa kukaanga, kuhe wa kuchoma, sangala wa nazi, dagaa na ugali wa muhogo. Kwa hiyo asubuhi, ulimi ukiwa haujachoka, naanza na mvinyo mweupe, hasa Chenin Blanc. Ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, na Dodoma pia inalimwa. Uchachu wake hufanya kazi ileile ya ndimu pembeni ya sahani. Nikikuta Chenin iliyolazwa sana kwenye mapipa mapya ya mwaloni hadi inanukia vanila, naipita hata kama ni nzuri, maana itamfunika kuhe.

Mwekundu na samaki ni habari nyingine. Wengi hulaumu tanini, yaani vile vitu vya zabibu vinavyoleta ukakasi mdomoni. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Japani walionesha kuwa ile ladha ya shombo inayobaki mdomoni inahusiana na chuma kilichomo kwenye mvinyo, kinapokutana na mafuta ya samaki. Chuma hicho hakiandikwi kwenye lebo, na kiasi chake hutofautiana kati ya chupa na chupa. Ndiyo maana, maonesho yakiwa ya hapa nchini, nabeba dagaa wa kukaanga kwenye kikopo. Nakula wawili, naonja mwekundu, nasubiri. Shombo ikipanda, nimepata jibu ambalo muuzaji asingeweza kunipa.

Na unapoonja, tema. Kila mara, bila kuona haya. Ndoo ziko pale kwa kazi hiyo. Vionjo ishirini vya mililita 25 ni nusu lita, yaani theluthi mbili ya chupa, na hapo hujafika hata adhuhuri. Anayemeza huanza kupenda kila kitu, na fedha anazotumia si zake.

Jambo ninalolisisitiza kwa kila mnunuzi wa mkoani ni joto. Ukumbini mvinyo mweupe unatoka kwenye barafu, na ubaridi hufunika mengi: sukari iliyozidi, pombe inayochoma, harufu iliyochoka. Naishika glasi kwa kiganja, nazungumza na mwenye meza kuhusu mavuno yake, kisha naonja tena ikiwa imepata joto. Kwetu umeme hukatika na veranda huwa na joto hata jioni, kwa hiyo mteja atakunywa nusu ya glasi yake katika hali hiyo. Siku ya pili ya maonesho naomba chupa iliyofunguliwa jana. Wengine hushangaa, ila chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150, na msimu wa wageni wachache glasi hizo tano zinaweza kuchukua siku mbili kuisha.

Joto linaamua hata kifuniko. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Mzigo ukikaa juani, mvinyo hutanuka na kusukuma kizibo, hewa ikapata njia. Mimi huchagua vifuniko vya kuzungusha, ambavyo pia vinaniepusha na ile harufu ya boksi lililolowa inayoletwa na vizibo vibovu.

Mvinyo wa Dodoma una njia fupi, maana uko kwenye reli hiyohiyo. Meza zake nazipa muda wa kutosha, na swali langu la kwanza ni mavuno ya mwezi gani. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu zilizoiva kiangazi hazikusumbuliwa sana na ukungu kama zile za masika. Mwaka ulioandikwa kwenye lebo hauniambii hilo.

Kisha kuna mvinyo mtamu. Wateja wetu wengi wa mjini wanaupenda, mwekundu na wa baridi, na mnunuzi anayezipita meza zake kwa madaha anamdharau mtu anayelipa bili. Nauliza gramu za sukari kwa lita, halafu natafuta wenye uchachu wa kuubeba utamu huo. Ukiukosa, glasi ya pili haiagizwi.

Bei naiacha mwisho. Naiongezea usafiri, ushuru, faida ya wakala na chupa zitakazovunjika njiani, ndipo najua kama mhudumu ataweza kuitaja mbele ya mteja. Oda ya kwanza huwa kartoni chache tu, na naomba zifike kabla ya Juni, wageni wa Gombe na Mahale wanapoanza kuongezeka.