Kidonge cha thimasi ya ndama hakijengi thimasi yako

Wapo wanaoamini kwamba ukimeza vidonge vya unga wa thimasi ya ndama, yaani tezi ya kinga iliyo kifuani, thimasi yako itapata nguvu na kinga itapanda. Si kweli, na inaniuma kuona wagonjwa wakimaliza akiba yao huko.

Weka kidole katikati ya kifua, kwenye mfupa wa kidari. Nyuma yake, juu ya moyo, ndipo ilipo thimasi. Kazi yake aliibainisha mtafiti Jacques Miller mjini London mwaka 1961: humo ndimo seli T, askari wa damu, hufunzwa kumtambua adui bila kuushambulia mwili wenyewe. Ukishabalehe husinyaa polepole na nafasi yake kujaa mafuta, ndivyo tulivyoumbwa. Seli zilizokwisha kufuzu huendelea kulinda kwa miaka mingi.

Na kidonge? Tumbo humeng'enya protini zake kama za nyama yoyote ya mchuzi.

Kinachoidhoofisha thimasi hasa ni utapiamlo. Mtoto aliyekonda kwa njaa, thimasi yake hunywea; akilishwa vizuri, hukua tena. Madini ya zinki husaidia sana, nayo yamo kwenye nyama, dagaa na maharage. Anayeugua mara kwa mara apimwe kwanza, VVU na kisukari vikiwemo.