Kutoka darasa la fizikia hadi chumba cha kupimia macho

Wagonjwa wengi huniita daktari wa macho, nami huwa siwakatizi, ila kwa usahihi mimi ni mtaalamu wa optometria: napima uwezo wa kuona, naandika miwani, nachunguza afya ya jicho, na nikikuta mtoto wa jicho au dalili za presha ya macho, naandika rufaa kwa daktari bingwa, ambaye ndiye anayepasua.

Sikuiota kazi hii utotoni. Nilisoma mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia nikilenga udaktari, alama za kidato cha sita hazikutosha, na mjomba wangu akanitajia mafunzo ya optometria yanayotolewa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Neno lenyewe lilikuwa geni kwangu. Kilichonivuta ni kwamba mada ya mwanga na lenzi, iliyowakimbiza wenzangu, ndiyo niliyokuwa nikiifurahia.

Chuoni, kifaa kilichonitoa jasho ni retinoskopu. Mpimaji huketi gizani, akapitisha mwanga mwembamba juu ya jicho la mgonjwa, na ndani ya mboni huonekana wekundu unaosogea. Wekundu huo ukifuata upande unakokwenda mwanga, unaongeza lenzi chanya. Ukienda kinyume, unaweka lenzi hasi, mpaka mboni yote ijae mwanga usiosogea tena. Kisha, kwa kuwa umeketi kiasi cha sentimita 67 kutoka kwenye jicho, unatoa diopta 1.50 ili hesabu ikae sawa kwa kuona mbali (diopta, kipimo cha nguvu ya lenzi, ni moja gawanya kwa umbali wa mita). Kwa njia hii hata mtoto asiyeweza kusema anapimwa miwani. Wiki za mwanzo, nakiri, nilikuwa nikiona giza tupu.

Baada ya kuhitimu na kusajiliwa na Baraza la Optometria, nilipangiwa hospitali ya wilaya, na huko hesabu ile ya umbali ikanirudia. Alikuja mzee mmoja seremala, umri wake unakaribia miaka 60, mbali anaona vizuri ila karibu hapaoni. Nilimshikisha kadi ya kusomea kwa sentimita 40, nikamwandikia +2.50, akasoma mpaka mstari wa mwisho na kuondoka ameridhika. Wiki iliyofuata alirudi.

“Mwanangu, miwani hii inanitaka niinamie ubao mpaka pua iguse randa.”

“Shikamoo mzee. Hebu simama kama uko kwenye meza yako ya kazi.”

Kosa lilikuwa langu: nilipima macho yake bila kuuliza mikono yake hufanyia kazi wapi. Nikaazima futikamba kwa muuguzi, nikapima kutoka jichoni hadi viganjani, nikapata sentimita 65. Kwa umbali huo ilimfaa +1.50, namba ile ile ya chumba cha giza kule Moshi. Ile ya kwanza akaiweka kwa ajili ya kusomea. Futikamba ya muuguzi sijairudisha hadi leo.