Heri msumari upinde kuliko ukatike

Nikiitwa kukagua nyumba ya mbao kwenye eneo la matetemeko, sianzi na kuta. Nainama chini ya sakafu na tochi yangu kutafuta bolti zinazoshikilia mbao ya chini kwenye msingi. Nyumba nyingi za zamani hazina hata moja, zimekaa tu kwa uzito wake. Ardhi ikitikisika kwenda upande, msingi huondoka nayo na nyumba hubaki nyuma. Tetemeko la Loma Prieta, California, mwaka 1989, liliangusha nyumba kadhaa namna hiyo.

Bolti ikiwepo, naitazama washa yake, yaani kile kipande bapa cha chuma kinachokaa chini ya nati. Washa ndogo ya duara huzama kwenye mbao, na mbao hupasuka kufuata nyuzi zake. Bamba pana la mraba huzuia hilo. Halafu nagusa nati. Siku moja niliigusa nati, ikazunguka kwa vidole viwili tu, na fundi aliyeifunga amesimama pembeni yangu.

Sasa tuje kwenye ubishi wa kila siku: msumari au skrubu? Wengi watasema skrubu, maana haichomoki. Bana skrubu nyeusi ya kufungia mbao za jipsamu kwenye jiliwa, uipige nyundo ubavuni: tap, kichwa kimeruka. Msumari wa kawaida utapinda. Upige upande wa pili, utarudi, na utavumilia mara kadhaa kabla haujachoka. Kuta za plaiwudi hutegemea tabia hiyo. Tetemeko huleta nishati ambayo lazima iishie mahali, na mamia ya misumari inayopinda huku na huku huimeza kidogo kidogo. Zipo skrubu zilizotengenezwa na kupimwa kwa kazi za kubeba mzigo, lakini hizo za jipsamu si miongoni mwake.

Bunduki ya misumari nayo ina lawama zake. Presha ikizidi, kichwa hutoboa tabaka la juu la plaiwudi, na ukuta unaoonekana umejaa misumari unakuwa umeshikwa nusu nusu. Mimi hupitisha kidole juu ya vichwa: kinachozama nakizungushia chaki.

Chuma nacho kina somo lake. Januari 17, 1994, tetemeko la Northridge lenye ukubwa wa 6.7 lilipasua viungo vya kuchomelea kati ya boriti na nguzo kwenye majengo mengi ya fremu za chuma. Viungo vilivyotarajiwa kunyumbulika vilikatika kama kigae, na baadhi ya nyufa hazikuonekana mpaka mapambo na kinga ya moto vilipobanduliwa.

Nanga za kwenye zege, yaani bolti zinazotiwa kwenye tundu lililotobolewa ili zishike kitu, ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Zege hupasuka wakati wa mtikisiko, na ufa hupenda kupita kwenye tundu la nanga. Nanga ya kupanuka ambayo haikupimwa kwa zege lenye nyufa huweza kulegea hapo hapo, ikiachia bomba au mashine iliyobeba. Ya gundi nayo hushika vumbi badala ya zege kama tundu halikusafishwa. Kwa hiyo sisubiri gundi ikauke; naenda fundi akiwa bado anatoboa, na cha kwanza ninachoulizia ni brashi na pampu ya kupulizia vumbi.