Viazi vichungu vya Andes, na kwa nini watu bado wanavipanda

Watu wananiuliza sana huku Peru nafanya nini, basi leo nieleze. Nakaa kijiji kimoja juu ya Pisac, mkoa wa Cusco, karibu mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, kwa familia ya wakulima wanaoongea Kikechua, simbilisi wanakimbia jikoni, na kazi yangu ni viazi. Viazi viko vya kila rangi, zambarau, vyekundu hadi ndani, vyeusi, ila mie nimekuja kwa ajili ya vile vichungu.

Yaani hivi ukichemsha ukala hivihivi koo linakereketa na tumbo linakuuma, maana vina glaikoalkaloidi nyingi, sumu ileile inayojaa kwenye kiazi cha kawaida kikipigwa jua kikawa kijani. Sasa mtu apande sumu ya nini? Jibu ni jalidi. Wakulima wa Kinangop kule Kenya wanaijua, unalala shamba kijani unaamka majani meusi. Hivi vichungu vinavumilia mpaka kama nyuzi 5 chini ya sifuri na vinaendelea kukua, kwa hiyo mwaka mbaya vingine vyote vikiungua, nyumba bado ina chakula.

Na jalidi hiyohiyo ndo inavifanya vilike! Mwezi wa sita na wa saba wanavitandaza kwenye uwanda wa nyasi, usiku vinaganda, mchana jua linaviyeyusha, siku tatu nne hivi, halafu wanavikusanya mafungu madogo na kuvikanyaga pekupeku, bibi, mama, watoto wote, maji yanachuruzika maganda yanachubuka, na yale maji yanaondoka na sehemu ya sumu, kisha vinaanikwa hadi vikauke kabisa. Hicho ndo chuño, cheusi, chepesi kama kizibo, na ukikiweka pakavu kinakaa miaka. Kuna na cheupe, huku Cusco wanakiita moraya, hicho kinalowekwa kwanza kwenye maji yanayotembea ya kijito, wiki kadhaa, ndo kianikwe, na vile vichungu zaidi wanavipeleka huko kwa sababu maji yanavisafisha vizuri. Mie nakula kwenye supu karibu kila siku, na kwa jibini nakipenda kweli.

Kinachonipa wasiwasi ni usiku wenyewe. Chuño inataka anga safi na baridi kali, na mama mwenye nyumba ananiambia zamani ukifika mwezi wa sita ulikuwa na uhakika, siku hizi mawingu yanaingia usiku, viazi havigandi sawasawa, vinaoza palepale uwandani.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Aina mojawapo kuu ya vichungu, Solanum juzepczukii, ni chotara wa kiazi cha shamba na kiazi pori, ina seti 3 za kromosomu, yaani vile vibeba urithi ndani ya seli, na tatu hazigawanyiki sawa kwa mbili, kwa hiyo haizai mbegu za maana na kuichanganya na aina nyingine ni kazi kweli. Inaendelea kiazi kwa kiazi tu. Kituo cha Kimataifa cha Viazi kule Lima wanatunza maelfu ya sampuli za viazi, na nashukuru sana wapo, ila shambani aina inaishi kama kuna mtu kaweka mbegu msimu huu, yaani viazi vyenyewe vya kupanda, na vijana wengi wanashuka Cusco kwenye kazi za utalii. Ndo maana nazunguka nyumba kwa nyumba naandika nani anapanda aina gani, mbegu kapewa na nani, na nani kaacha.