Kwa nini Harrier mbili zenye jina moja haziazimani hata bampa?

Ukifika kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, jijini Dar, ukaomba taa ya nyuma ya Toyota Harrier, muuzaji hanyanyuki kwenye stuli yake. Anakutazama kwanza, halafu anauliza: "Ipi, kaka? Tako la nyani au Anaconda?" Hayo ni majina ya mtaani ya Harrier mbili tofauti. Ukimjibu "ya 2013" ndiyo umezidi kumchanganya, maana 2013 ni mwaka ambao moja ilikuwa inatoka na nyingine inaingia. Hapo atakuomba kitu kimoja tu: "Nitajie chesisi."

Shemeji yangu hakulijua hilo. Gari lake, Anaconda, liliguswa nyuma na bodaboda pale Tabata, akaona bampa la Harrier linatangazwa kwenye simu, bei nzuri, rangi ileile nyeupe ya lulu. Akalipa. Bampa likaletwa kwa bajaji, limefungwa kamba kama mbuzi wa Idi. Fundi alipolisogeza karibu na gari hakuhitaji hata kushika spana. Upande mmoja lilipita mdomo wa taa, upande wa pili likaacha uwazi wa kupenyeza mkono. "Bosi," akasema, "hili ni la baba yake."

Sasa kwa nini kiwanda kimoja kiite magari mawili jina moja, halafu yasiazimane hata kipande cha plastiki?

Jibu linaanzia kwenye bati. Mlango, paa na boneti hukandamizwa kwa kalibu nzito za chuma, na seti nzima ya kalibu za gari moja ni mtaji mkubwa kweli. Kiwanda hakiwezi kuzibadilisha kila mwaka, kwa hiyo huzitumia kwa miaka mitano, sita, saba hivi mpaka zirudishe fedha yake. Muda huo wote ndio kizazi kimoja cha gari. Katikati ya safari, wateja wakishaanza kuchoka sura, kiwanda huosha uso: grili mpya, taa mpya, bampa jipya. Kinagusa hivyo kwa sababu vingi ni vya plastiki, na kalibu ya plastiki ni nafuu. Milango na paa hubaki vilevile. Ndiyo maana hata ndani ya kizazi kimoja, bampa la mwanzoni linaweza kulikataa gari la mwishoni, ilhali mlango unaingia bila ubishi. Kizazi kikiisha kabisa, kila kitu huanza upya chini ya jina lilelile, kwa kuwa jina lilishapata soko na hakuna mfanyabiashara anayetupa soko.

Harrier ndiyo inayoonyesha vizuri mchezo huu. Ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1997, na nje ya Japani gari hilohilo likauzwa kama Lexus RX 300. Ya pili, hii ambayo mtaa wa Bongo uliitazama taa zake za nyuma ukaibatiza tako la nyani, ilianza Februari 2003, nayo pia ni Lexus RX iliyovaa nembo nyingine. Kwa hiyo mwenye Harrier ya 2005 anaposema "hii ni Lexus, mzee", hajisifu bure.

Mwaka 2005 Toyota ikaanza kuuza jina la Lexus kwao Japani. Hapo pakawa na tatizo: gari moja haliwezi kukaa madukani likiwa na majina mawili na bei mbili. RX mpya ilipofika Japani mwaka 2009 ilikuja kama Lexus, basi. Harrier ya zamani ikaendelea kuuzwa pembeni kama mjane aliyebaki na nyumba. Wateja hawakuiacha, na Desemba 2013 Toyota ikatoa Harrier ya tatu, ambayo huku tunaiita Anaconda. Safari hii haikujengwa juu ya Lexus RX. Ilijengwa pamoja na RAV4 ya kizazi cha nne. Tembea na futi uhakikishe mwenyewe: kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, tako la nyani lina milimita 2,715. Anaconda ina 2,660, sawasawa na ile RAV4. Gari ambalo kila mtu barabarani huliona kubwa na jipya, miguu yake imekaribiana kuliko ya lile la zamani.

Kwa hiyo fundi wa shemeji alikosea kidogo. Bampa lile halikuwa la baba wa Anaconda. Lilikuwa la somo wake. Wanaitana jina, hawana damu.

Ya nne ilitoka Juni 2020, ikiwa na msingi mpya kabisa unaotumika pia kwenye RAV4 iliyoanza 2018. Marekani iliuzwa kwa jina la Venza. Utaitambua bila kuuliza: vizazi vitatu vya mwanzo vina nembo ya ndege wa jamii ya mwewe kwenye grili, huyu wa nne kaweka nembo ya kawaida ya Toyota.

Na RAV4 yenyewe ina kioja chake. Hiyo ya kizazi cha nne haikuuzwa Japani. Wajapani waliendelea kununua ya tatu hadi 2016, kisha wakaruka moja kwa moja hadi ya tano, mwaka 2019. Kwa kuwa magari yetu mengi yaliyotumika hutoka Japani, yadi za Dar na Mombasa nazo zimeruka. Unaona za 2008, unaona za 2019, hapo katikati unakutana na moja moja iliyopitia njia nyingine. Ukiikuta, kabla ya kufurahia bei, muulize fundi wako spea zake atazitoa wapi.

Turudi kwenye chesisi. Gari la soko la Japani halina ile namba ndefu ya herufi 17 inayokwambia hadi mwaka. Lina namba fupi yenye kistari katikati, na zile herufi na tarakimu kabla ya kistari ndizo jina lake la kweli. Funua boneti, utaikuta kwenye kibati, na imeandikwa pia kwenye kadi ya gari. Kwa Harrier, tarakimu zinataja kizazi: 10 na 15 ni ya kwanza, 30 hadi 38 ya pili, 60 na 65 ya tatu, 80 na 85 ya nne. Tarakimu ya mwisho, mara nyingi sifuri ni gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele, tano ni foo-wili. Herufi ya mwanzo inataja ukoo wa injini. ACU30 ni tako la nyani lenye injini ya 2AZ, sisi (cc) 2,362, linalovuta mbele. ZSU65 ni Anaconda ya 3ZR, sisi 1,986, foo-wili. Ukiona AVU65 ujue ni haibridi, na uangalie tundu la kupitishia hewa ya betri karibu na siti ya nyuma, maana watoto hulisukumia mabegi ya shule na vumbi likamaliza kazi.

Herufi hizo ni pesa. Ile 2AZ ya katikati ya miaka ya 2000 inafahamika kwa kunywa oili. Marekani, Toyota ilifikia kuongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yenye injini hiyo, Camry na RAV4 zikiwemo. Haina maana kila ACU30 ni mgonjwa. Ina maana uchomoe kijiti cha oili kabla ya kulipa, na umuulize mwenye gari huwa anaongeza lini, siyo kama anaongeza. Gia boksi nayo imebadilika: ACU30 ina otomatiki ya kawaida ya gia nne, ZSU60 ina CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia. Oili zake hazichanganywi. Fundi anayejaza oili ya otomatiki ya kawaida kwenye CVT kwa sababu "zote ni otomatiki, bosi" anakuandalia bili ya gia boksi nzima.

Mwaka 2017 Anaconda iliosha uso, na hapo hapakuwa na plastiki tu. Iliongezwa injini ya turbo, ASU60 na ASU65, pamoja na mfumo wa kamera na rada unaosaidia kufunga breki. Kwa gari la kubeba watoto huo ni mwaka wa kuutafuta. Ila kumbuka kamera hiyo imekaa juu ya kioo cha mbele. Kioo kikipasuka kwa kokoto ya lori la Morogoro, kubadilisha cha barabarani hakutoshi, kamera inatakiwa kupangwa upya, vinginevyo taa za onyo zitakusindikiza hadi nyumbani.

Halafu kuna TRA, mamlaka ya kodi ya Tanzania, na hapa ndipo wengi huchagua kizazi kisicho chao. Tuseme Harrier mbili zimefika bandari ya Dar, kila moja kwa shilingi 100 tu, ili hesabu iwe nyepesi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa, unaopigwa juu ya bei pamoja na forodha, ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya sisi 1,000 hadi 2,000, na 10 ikizidi hapo. Tozo ya uchakavu, inayopigwa hivyohivyo, ni asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30 likipita 10. Juu ya yote VAT asilimia 18. Anaconda isiyo haibridi, ambayo haijafika miaka 8, inakula kama shilingi 55 za kodi. ACU30, yenye sisi zaidi ya 2,000 na umri zaidi ya miaka 10, inakula kama 106, yaani kodi inazidi bei ya gari. Hapo sijaweka tozo ndogondogo. Tako la nyani la bei poa mtandaoni huwa poa likiwa Yokohama tu. Kama roho yako iko huko, litafute la mkononi hapahapa, ambalo mtu mwingine alishalia na kodi zamani.

Kenya wamelimaliza kwa njia yao: gari lisizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2026 hiyo ni 2019 kuja juu. Hapo tako la nyani halipo kabisa, Anaconda imebaki mkia tu, na ya nne ndiyo inayojaza meli.

Mbona basi nisiseme nunua ya nne, tena mpya, yamekwisha? Kwa sababu ya Gerezani. Watu hudhani spea za mtumba hutoka kiwandani kwa mlango wa nyuma. Hutoka kwenye magari yaliyokufa. Taa, mlango, rediyeta, kioo cha pembeni, vyote vimechomolewa kwenye gari lililogonga au lililozeeka huko kwao. Kizazi kipya hakijafa cha kutosha. Kioo cha pembeni cha Harrier ya 2021, chenye kamera na mota ya kujikunja, utakinunua kipya kwa bei ya kukutoa jasho, wakati cha ZSU60 unachagua rangi. Upande wa pili, kizazi kikizeeka sana, makaburi yake huisha. Cha kwanza cha 1997 sasa unakipatia spea kwa kujuana.

Kwa hiyo mimi, nikiwa na watoto watatu na fedha ya kawaida, ningekaa na Anaconda iliyooshwa uso, 2017 hadi 2020. Kiwanda kilishapata miaka mitatu ya kurekebisha makosa yake, na waliokufa Japani wameanza kuwa wengi. Ya nne ningeinunua kama ningekuwa na bima kubwa na moyo wa kuegesha mbali na bodaboda. Familia ya watu saba isahau Harrier, zote ni siti tano. Iangalie Vanguard ya siti saba, ambayo ni RAV4 ya kizazi cha tatu iliyorefushwa.

Na mwaka wa gari usiutoe kinywani mwa dalali. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, chini kabisa kuna kitambaa kidogo kilichoshonewa, na mara nyingi kimeandikwa mwezi na mwaka uliotengenezwa mkanda huo. Kama gari ni la 2018 na mkanda mmoja wa mbele ni wa 2020, kuna siku mkanda ule ulibadilishwa, na ni nadra mkanda kubadilishwa kwa kuchakaa. Omba karatasi ya mnada: herufi R mahali pa daraja ni gari lililogonga likatengenezwa. Ukiwasha redio ikaishia 90 au 95, hiyo si mbovu, ni masafa ya Kijapani, kuna kifaa cha bei ndogo cha kuyahamisha.

Lile bampa la shemeji lilikaa uani miezi minne, kuku wakalifanya kichanja. Juzi amelitangaza kwenye simu. Safari hii ameandika kwa herufi kubwa, ACU30 NA ACU35 TU, na limeondoka siku ya pili.