Damu haipandi, na vidonge kameza: huenda ni mayelodisplasia?

Baba ana miaka 71. Amemeza vidonge vya kuongeza damu miezi mitatu, na juisi ya rozela juu yake. Damu haipandi. Kwa nini?

Mara nyingi chanzo ni cha kawaida: damu inavuja kidogo kidogo tumboni, figo zina hitilafu, au vitamini B12 imepungua. Hayo yatafutwe kwanza. Yasipoonekana, kwa umri wake daktari atafikiria mayelodisplasia, ugonjwa adimu wa uboho, yaani kile kiini laini cha mfupa kinachotengeneza damu.

Uboho wake umekauka?

Hapana, na hapo ndipo wengi hushangaa. Uboho huweza kujaa pomoni huku damu ya mishipani ni haba. Seli hutengenezwa kwa wingi lakini zina kasoro, na nyingi hufia mlemle mfupani. Mfinyanzi anafinyanga usiku na mchana, vyungu vinapasukia tanuruni. Ukimletea udongo zaidi humsaidii. Ndiyo maana madini ya chuma yaliyomo kwenye vile vidonge hayafui dafu. Mzee huchoka na kuhema. Seli nyeupe zikipungua, homa hazimwachi. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikipungua, fizi hutoka damu.

Ni saratani ya damu?

Ni ya ukoo huo. Zamani uliitwa hali ya kabla ya lukemia, yaani saratani ya damu yenyewe. Katika uboho wenye afya, seli changa hazifiki asilimia 5. Zikifika 20, kwa kawaida huhesabiwa kuwa lukemia kali. Takribani mgonjwa mmoja kati ya watatu hufika huko.

Kaupata wapi?

Kwa wengi chanzo hakijulikani. Hauambukizi. Sigara na kemikali ya benzini huchangia, na hata tiba ya saratani nyingine: mtangazaji wa Marekani Robin Roberts alitibiwa saratani ya matiti mwaka 2007, na 2012 akakutwa na mayelodisplasia. Dada yake ndiye aliyemtolea uboho.

Baba atatibiwaje?

Kwanza atachomwa sindano nyongani, uboho upimwe. Kupandikizwa uboho ndiko kunakoweza kuponya, ila miaka 71 si mchezo. Wengi huongezewa damu, wengine hupewa dawa iitwayo azasitidini. Kila chupa ya damu huja na miligramu 200 hivi za chuma, ambazo mwili hauna njia ya kuzitoa, nazo hulundikana kwenye ini na moyo. Vile vidonge vilivyobaki, basi, mwonyesheni daktari kabla baba hajameza kingine.